Hodi Mia na Ishirini na Nane

Saa nne asubuhi, Wete, kituo cha kununulia karafuu.
Mizani inasoma, feni inazunguka,
umeme upo. Hilo nilihakikisha mwanzo, maana hapa
lawama ya kwanza huwa ya umeme.
Seva ndiyo haimjibu mtu.

Haijafa. Ingekufa ningejua la kufanya.
Iko hai, ina joto ukiigusa mbavuni,
na imenyamaza kama mwenyeji
aliyezidiwa na wageni siku ya arusi.

Nje, magunia yameegemezwa ukutani.
Time Khatib katoka Minungwini na kilo arubaini na tatu,
kavu, hazina makonyo.
Kapiga hodi dirishani mara tatu, kama sunna inavyotaka,
kisha karudi kukalia gunia lake.
"Kama hamnunui semeni," kasema. "Mvua haipangi foleni."

Nikaisomea mashine kumbukumbu zake.
Hodi.
Hodi. Hodi. Hodi hodi hodi hodi
kutoka anwani zisizo na nyumba,
na kila hodi imejibiwa: Karibu.

Ndivyo ilivyofunzwa. Mgeni hupiga hodi,
mwenyeji husema karibu,
mgeni husema ahsante, naingia.
Maneno matatu, ndipo mazungumzo yaanze.
Hawa wamesema la kwanza tu, wakayeyuka,
na mashine, maskini, imemwekea kila mmoja nafasi barazani.
Inamngoja sekunde moja, inarudia: Karibu.
Sekunde mbili. Karibu.
Nne. Nane.
Kumi na sita.
Hakuna aliyeifundisha kukata tamaa mapema.

Baraza ina nafasi mia na ishirini na nane.
Namba hiyo nimeikuta ndani ya msimbo, imekaa peke yake,
bila maelezo, bila jina la aliyeiweka.
Namfikiria: kijana wa mbali, usiku, kikombe kimepoa,
akijiambia hao watatosha,
nani atapiga hodi asiyetaka kuingia?
Simlaumu. Mama yangu naye
alijenga baraza yake kwa hesabu hiyohiyo.

Na Time Khatib ndiye wa mia na ishirini na tisa.
Mtu wa kweli, jasho la kweli, kanga imeshika vumbi la karafuu,
na hana pa kukaa,
kwa kuwa pote pamekaliwa na wasiokuwepo.

Dawa ni mistari michache. Inaiambia mashine:
mpe mgeni alama, kisha umsahau.
Usimwekee kiti. Usimtilie chai.
Akirudi na alama yake, na hesabu ikakubali,
basi huyo ni mtu, mkalishe.
Asiporudi, hukupoteza kitu.
Niliiandika polepole, mkono mzito,
kama anayemfunza mtoto wake ubahili.

Saa saba na robo Time Khatib alilipwa.
Alihesabu mara mbili, akafunga fundo kwenye pindo la kanga,
hakushukuru, wala hakuwa na sababu.
Hodi za uongo zinamiminika hata sasa.
Zinajibiwa kwa adabu,
zinasahauliwa.

Jioni, Jadida, sijavua viatu, mlango ukagongwa.
Hodi.
Na mimi niliyezaliwa na karibu mdomoni
nikausikia ulimi umetangulia kuuliza: Nani?

Kimya. Sekunde moja. Mbili.
Kisha sauti ya mtoto, na bakuli la bati likigusa komeo,
ikajibu kama kisiwa kizima kinavyojibu,
jibu lisilothibitisha chochote:

"Mimi."

Nikafungua.